Oolong: chai ya kumwagia maji mara sita kwa majani yale yale (uzi wa wana Dodoma, wengine karibuni)

#1 Fundi Waya (Nkuhungu, Dodoma)

Wakuu, mbukwenyi. Najua humu mtu akisema "nina chai" watu wanavuta viti wakijua analeta uongo. Leo ni chai kweli, ya majani, ya kunywa.

Mwaka jana nilikuwa navuta nyaya kwenye jengo moja upande wa Ihumwa. Fomeni wetu alikuwa Mchina wa makamo, tukampachika jina Mzee Chupa, maana chupa yake ya kioo haikumtoka mkononi tangu asubuhi mpaka tunafunga kazi. Ndani majani yamejaa nusu, na siku nzima anaongeza maji ya moto tu. Habadilishi majani. Sisi tukawa tunamsema: huyu bahili gani, hata chai anaibania.

Saiti ilipofungwa akagawa vitu vyake. Mimi nikaambulia kipakiti cha karatasi ya fedha, ndani kuna chembe za kijani iliyokolea zilizojikunja, ukiziona kwa mbali unasema mbolea ya kupandia. Nikafika nyumbani nikapika kama tunavyopika: sufuria, maji, maziwa nusu lita, tangawizi, sukari, nikatupia vijiko vitatu, nikaacha vichemke dakika kumi. Zile chembe zikavimba zikawa majani mazima mazima, yakaziba chujio. Mke wangu akaonja, akaweka kikombe chini polepole. "Baba watoto, umechemsha majani ya mpera?"

Tukamwaga.

Aliyeninyoosha ni mkalimani wa saiti, kijana aliyesoma Kichina hapa hapa UDOM. Akaisoma pakiti: Tieguanyin, kutoka Anxi, mkoa wa Fujian, kusini mashariki mwa China. Jamii yake inaitwa oolong, wenyewe wanatamka wulong, maana yake joka jeusi. Kwa nini joka? Kila mtu ana hadithi yake, na baadhi ni chai ile ya humu.

Mti wenyewe ni huu huu wa Mufindi na Tukuyu. Chai nyeusi, chai ya kijani, oolong, zote ni Camellia sinensis. Kinachozitenganisha ni jani linavyotendewa baada ya kuchumwa. Kata parachichi uliache mezani: linageuka kahawia. Jani la chai nalo ukilijeruhi linageuka vivyo hivyo, hewa inapokutana na vimeng'enya vyake. Wa chai ya kijani wanaliwahi kwa moto kabla halijageuka. Wa chai nyeusi wanaliacha ligeuke lote. Wa oolong wanaliacha ligeuke kiasi, kisha wanalikatisha kwa moto. Kiasi gani, hapo ndipo ufundi ulipo. Kuna za asilimia 10 au 20, bado zina ukijani na harufu ya maua, na kuna zinazofika 70 na ushei, zinakaribia nyeusi. Kwa hiyo mtu akikwambia "oolong ina ladha fulani", muulize ipi.

Sasa unywaji. Mzee Chupa hakuwa bahili. Jani hili limekunjwa likiwa zima, halitoi vyote kwa mara moja. Linafunguka taratibu, na kila maji yanatoa kitu kingine. Wachina wa Fujian na Guangdong wanatumia kikombe kidogo chenye mfuniko, kinaitwa gaiwan. Mimi natumia kibakuli cha udongo na kisahani cha kufunikia. Ujazo kama mililita 100, majani gramu 5, yaani vijiko viwili vya chai kama ni hizi za chembe. Pasha kibakuli kwa maji ya moto, mwaga. Weka majani, funika, kisha fungua unuse kabla hujaweka maji. Usiruke hatua hii, nusu ya raha iko hapo. Mwagia maji ya moto, hesabu sekunde tano, mwaga yote, hayo ni ya kuyaamsha. Mwagia tena, subiri sekunde 20 hadi 30, mimina yote kwenye vikombe, usibakize maji kwenye majani. Ya pili fupisha kidogo maana majani yameshaamka, kisha kila mara ongeza sekunde kumi hivi. Yangu yanafika mara sita. Ya tatu ndiyo tamu kuliko zote, na hapo ukitazama ndani ya kibakuli unashangaa zile chembe kiduchu zimejaza mpaka juu.

Kama huna subira, fanya kama Mzee Chupa: kijiko kimoja kwenye kikombe kikubwa, dakika tatu, kunywa, ongeza maji. Usichemshe tu.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo hamtalikuta kwenye pakiti. Pakiti inaandika nyuzi 95. Mita yangu ya umeme ina waya wa kupimia joto, nikautumbukiza kwenye birika likiwa linatokota kwa nguvu zote. Ikasoma 96 na haikupanda tena. Nikadhani mita imekufa. Kumbe Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu. Wa Dar anahangaika kuyapoza, mimi maji yangu yanachemkia pale pale chai inapotaka. Kwa mara ya kwanza jiografia imenitendea haki.

Tatizo letu ni maji yenyewe. Nitarudi kuyasema. Karibuni.

#2 Kiti Changu

Nimevuta kiti nikijua chai, kumbe chai. Kapicha mkuu?

#3 Mnyalu wa Sao Hill

Mleta mada umeeleza vizuri, niongezee kidogo, nimefanya kazi kiwanda cha chai Mufindi miaka minne.

Yetu karibu yote ni ya kukatwa kwa mashine, wanaita CTC. Jani linaletwa kutoka shambani, majani mawili na chipukizi, linanyaushwa usiku kucha kwa feni kubwa, kisha linapita kwenye rola zenye meno linachanwachanwa na kuviringishwa. Likitoka pale ni kama unga wa kijani. Unatandazwa, ndani ya saa moja mbili umegeuka rangi ya shaba, unapelekwa kwenye kikaushio. Ndiyo maana chai yetu ikigusa maji ya moto tu imekolea, imeshachanwa, haina cha kuficha. Imetengenezwa kwa ajili ya maziwa na sukari na inaifanya kazi hiyo vizuri, tusiidharau.

Oolong ni kazi ya watu wavumilivu. Wanachuma jani lililokomaa zaidi, hata matatu manne kwenye kikonyo kimoja. Wanalianika juani kidogo, wanaliingiza ndani, wanalitikisa kwenye ungo au pipa la mianzi ili kingo zigongane zijeruhike. Wanalipumzisha. Wanalitikisa tena. Usiku mzima hivyo, na mtu wa kunusa yuko hapo, harufu ikifika anapotaka ndipo linaingia kwenye moto. Baadaye kukunja na kukausha, na nyingine zinachomwa kwa mkaa taratibu.

Fundi, ukimaliza kunywa usitupe. Chukua jani moja lililofunguka, litandaze kwenye kidole ulitazame kwa mwanga. Likiwa limetengenezwa kwa desturi ya zamani utaona katikati kijani na kingoni wekundu. Pale ndipo liligongwa.

#4 Mama Vitumbua (Majengo)

Mimi nauza chai na vitumbua asubuhi, kwa hiyo mada inanihusu. Kaka Fundi, sukari je? Na inanywewa na nini? Mteja wangu ukimpa chai isiyo na sukari anakuuliza kama umefunga duka.

#5 Fundi Waya

@Mnyalu, nimetoka kuliangalia sasa hivi. Kingo zina wekundu kama uzi mwembamba hivi, nilikuwa nadhani ni uchafu. Asante sana mkuu.

@Mama Vitumbua, dada yangu, sukari ni yako na kikombe ni chako. Ila onja mara tatu za kwanza bila kitu. Mimi nilikuwa mtu wa vijiko vitatu. Nilichogundua ni kwamba utamu upo, lakini unakuja ukishameza, unatokea kooni kwa nyuma. Sukari inaufunika. Maziwa ndiyo usithubutu kwenye zile za kijani, yanaua kila kitu. Vitumbua vya kwako naona vina iliki kali, vitaishinda. Karanga za kukaanga bila chumvi zinakubaliana nayo, na ubuyu mweupe usio na rangi, kidogo tu.

Halafu usiihifadhi karibu na viungo. Niliweka pakiti kabati moja na iliki na mdalasini, wiki mbili baadaye nilikuwa nakunywa pilau. Kopo la bati linalofunga vizuri, mbali na jiko na jua. Hewa kavu ya Dodoma inasaidia, huku haivundi haraka kama pwani.

#6 Nesi wa Chamwino

Naomba niweke neno kabla hamjaanza kunywa kutwa nzima.

Chai ya aina yoyote, hii nayo ikiwemo, inapunguza mwili kunyonya madini ya chuma yanayotoka kwenye mboga na nafaka. Huku kwetu chakula cha wengi ni ugali wa uwele au mtama na mlenda, chuma chetu kingi kinatokana na mimea. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, na yeyote aliyeambiwa damu yake ndogo asinywe chai pamoja na chakula wala na vidonge vya kuongeza damu. Aachanishe kama saa moja. Na kafeini imo, jioni sana itakukosesha usingizi.

#7 Kiti Changu

Nesi umeniogopesha. Nilikuwa nauliza hivi: mbona dukani wanasema oolong inayeyusha kitambi? Mimi nina kitambi cha ofisi, hakisikii dawa.

#8 Nesi wa Chamwino

Kitambi kitayeyushwa na wewe kutembea kutoka Nyerere Square mpaka nyumbani. Chai isiyo na sukari ikichukua nafasi ya soda, hapo utapata nafuu, na hiyo ni kwa sababu umeacha soda. Zile pakiti za "chai ya kupunguza unene" soma kilichomo. Nyingi zina sanamaki. Unaharisha, mizani inashuka, kesho unakunywa maji inapanda. Hiyo si oolong.

#9 Mzee wa Mpunguzi

Vijana, mimi ni mkulima wa zabibu, sijui chai zaidi ya ile ya mama yenu. Lakini haya mnayosema nayajua kwa upande wangu. Zabibu ile ile, aina moja, ya Hombolo na ya huku kwangu, mtengenezaji wa mvinyo akionja anakwambia imetoka wapi. Udongo unasema. Je, na huko kwao wanasema hivyo?

#10 Fundi Waya

Shikamoo mzee. Wanasema, tena kwa ugomvi. Mkalimani alinichorea ramani kwenye boksi la swichi. Kaskazini mwa Fujian kuna milima ya Wuyi, mawe matupu, michai imeota kwenye nyufa za miamba. Oolong za huko ni nyeusinyeusi, zimechomwa, na wenyewe wanasifia ladha ya mwamba. Kusini ya mkoa huo huo ndiyo Anxi ya Tieguanyin. Jirani, Guangdong, kuna mlima Fenghuang, chai za huko zinanukia matunda na maua, na kila mti una harufu yake. Ng'ambo ya bahari ni Taiwan, wana za milima mirefu kama Alishan, laini, kama mtu kakuwekea siagi.

Wuyi kuna michai sita ya zamani sana kwenye jabali, ndiyo mama wa Da Hong Pao, maana yake joho kubwa jekundu. Serikali imekataza kuichuma tangu 2006. Gramu 20 za mavuno ya mwisho ziko Makumbusho ya Taifa, Beijing. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo akikwambia anakuuzia ya miti ile, hiyo ni chai. Inayouzwa ni ya vipando vilivyotokana na ile au ya kuchanganywa, na bado ni nzuri.

Na hii mzee utaipenda. Taiwan kuna oolong moja, kwa Kiingereza wanaiita Oriental Beauty, inategemea mdudu. Kidudu kidogo cha kijani kinachorukaruka kinafyonza chipukizi, mti unajitetea kwa kutoa harufu, na harufu hiyo ndiyo inayofanya chai inukie asali. Mkulima hathubutu kupiga dawa, anakisubiri kidudu kije kimlie shamba.

#11 Mzee wa Mpunguzi

Marahaba. Kwangu mdudu akila zabibu nalia peke yangu. Huyo mkulima anayesubiri wadudu ningependa tukae naye siku moja.

#12 Kiti Changu

Bei, wakuu. Mnatuzungusha milimani na bei hamtaji.

#13 Fundi Waya

Pakiti ya Mzee Chupa ilipoisha nilinunua Kariakoo gramu 100 kwa elfu 30. Nilibisha mpaka muuzaji akachoka. Kisha nikakaa nikapiga hesabu: gramu 5 kwa mkao mmoja, ni mikao 20, kila mkao 1,500, na unamimina mara sita. Kila umimino 250. Si bei ya kumpa fundi mwenzako asiyejali, lakini soda ni ghali zaidi.

Anayeanza asinunue nyingi. Omba gramu 25 au 50 za iliyochomwa kiasi, ina utamu kama mkate wa moto na haikasiriki ukikosea dakika. Ya kijani ni tamu zaidi ikikubali, ikikataa ni mchicha. Na uangalie: majani yawe mazima. Kopo likijaa vumbi na vipande, muachie mwenyewe.

#14 Ustadhi wa Maneno

Dondoo ndogo kwa wapenda lugha. Neno "chai" asili yake ni "cha" ya Kichina, likapita nchi kavu kwa Waajemi wakaliita "chay", likatufikia sisi. Waingereza wanasema "tea" kwa sababu Waholanzi walilibeba kwa meli kutoka bandari za Fujian, ambako wenyeji wanatamka "te". Kwa hiyo Mwingereza anaita chai kwa lugha ya watu wa oolong, halafu anaweka maziwa.

#15 Mama Vitumbua (Majengo)

Kaka Fundi, ulisema utarudi kwenye maji ukatoroka.

#16 Fundi Waya

Kweli dada, ni kazi. Maji ya bomba tunayoletewa kutoka visima vya Makutupora mnayajua, birika la umeme likikaa mwezi lina ukoko mweupe ndani kama limepakwa chokaa. Nikitengeneza oolong kwa maji hayo, dakika mbili tu juu kuna utando unang'aa kama mafuta, unashika ukingoni mwa kikombe. Harufu ya maua haipo. Rangi inakuwa nzito, ladha inalala. Ni ile chokaa inakutana na vitu vya kwenye jani. Kwenye chai ya maziwa huwezi kugundua, huku unagundua kwa mara ya kwanza.

Nikajaribu maji ya mvua, nina tanki nililokinga Machi. Utando hakuna, ila ladha ikawa nyepesi mno, kama chai inayopita bila kusalimia. Bado sijapata jibu.

#17 Mama Vitumbua (Majengo)

Haya, nimerudi. Fundi alinipa vijiko sita vya majani, ya kijani vitatu na ya kuchomwa vitatu, nikaona nisikalie kinywaji cha watu bure. Jumapili baada ya ibada nikaita majirani wanne. Nikaweka vikombe bila kusema kipi ni kipi: maji ya bomba, maji ya mvua, na mchanganyiko nusu kwa nusu.

Ya kijani kwa maji ya bomba: wote wanne walisukuma pembeni. Mmoja alisema ni maji ya kuoshea mboga. Kwa mvua tupu: "nzuri lakini iko wapi?" Kwa mchanganyiko wakanyamaza, wakarudia, na mama mkwe akauliza kama nimetia maua.

Ya kuchomwa imenishangaza. Kwa bomba ilisimama, haikuwa mbaya, utando upo lakini ladha ya mkate ipo. Kwa mchanganyiko ilikuwa bora zaidi, ila si kwa tofauti ile ya kwanza. Kwa hiyo mwenye bomba tu na hana tanki, anunue ya kuchomwa.

Chai ya nne mama mkwe alitia sukari vijiko viwili mbele yangu. Ya tano akanywa bila.

#18 Fundi Waya

Nusu kwa nusu! Miezi minane nahangaika na mita yangu ya joto, kumbe jibu lipo Majengo kwenye vitumbua. Jioni hii nachanganya.

#19 Mnyalu wa Sao Hill

Mama, ya sita vipi?

#20 Mama Vitumbua (Majengo)

Ya sita walishaondoka. Niliinywa peke yangu nikiosha vyombo, ilikuwa maji matamu tu, rangi ya nyasi kavu. Majani nimemwagia mchaichai wangu pale mlangoni.